Mjomba, nilikomea kilomita ya 29 na nikawadanganya wanafunzi wangu

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kisauni. Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili. Nilianza kukimbia miaka minne iliyopita ili nipunguze mwili baada ya kujifungua, nikanogewa. Mbio za barabarani za kilomita 10 sizihesabu tena, na za 21 nimezimaliza mara tatu. Mwaka jana shoga yangu akanionyesha picha za watu wakikimbia kwenye vijia vya milima ya Taita: ukungu umewafunika, matope yamewafika magotini, na wote wanacheka. Moyo wangu ukahama. Nikajiandikisha za kilomita 42, mimi ambaye sijawahi kupanda mlima wowote.

Tangu siku hiyo ni mkosi juu ya mkosi.

Kwanza goti. Kila Jumanne na Jumamosi, nikishaswali alfajiri, saa 11 na nusu naingia ufuoni Nyali na kukimbia hadi Bamburi. Nikifika huko napanda matatu nirudi nyumbani nijitayarishe kwa kazi. Nilichagua mchanga kwa sababu kila mtu aliniambia mchanga ni mlaini, hauumizi. Wiki ya saba goti la kulia likaanza kuniuma upande wa nje, kama mtu ananidunga sindano ya moto. Kupanda ngazi za shule si neno, kushuka ndiyo adhabu. Nikapumzika wiki mbili, likatulia. Nikarudi ufuoni, nalo likarudi.

Pili, Ramadhani iliingia katikati ya mazoezi. Nilikimbia kidogo sana mwezi huo, nikahisi kila nilichojenga kimebomoka.

Tatu ni siku yenyewe. Tulianza karibu na Wundanyi, asubuhi ya baridi na manyunyu. Mimi nilikuwa na mpango wangu wa maji: nusu lita kila nusu saa, kwa sababu hapa Mombasa nisipokunywa hivyo napata kizunguzungu kabla sijavuka daraja la Nyali. Niliufuata kama sheria. Mteremko wa kwanza niliushuka kama ndege, nikawapita watu kumi na kitu, nikasema kumbe mlima si chochote. Kufika kilomita ya 20 mapaja yalikuwa yanatetemeka kama meza yenye mguu mbovu. Kilomita ya 24 kichwa kikaanza kugonga, tumbo limejaa, pete haizunguki kidoleni. Nikatapika. Kituo cha kilomita ya 29 muuguzi akanitazama mikono, akaniuliza nimekunywa kiasi gani. Nikahesabu: karibu lita 5. Akaniambia niketi, nisinywe tena, na mbio zangu zimeishia hapo. Nikateremshwa kwa pikapu, nimekaa katikati ya madebe matupu ya maji.

Jumatatu nikaingia stafurumu. Mwenzangu mmoja akasema kwa sauti, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mwalimu!" Wote wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda stoo ya vitabu nikalia.

Lakini lililoniuma zaidi nililitenda mwenyewe. Wanafunzi wangu wa gredi ya tano walikuwa wamenichorea kadi ya kunitakia heri. Waliponiona tu wakauliza, "Mwalimu, medali iko wapi?" Nikajibu, "Iko nyumbani." Sijui ulimi uliteleza vipi. Sasa kila wiki wananiuliza nitaileta lini, na nimefikia kuwaza kununua medali dukani.

Usajili wa mbio za mwaka huu unafungwa baada ya wiki tatu, na mbio zenyewe ziko miezi mitano mbele. Mume wangu anasema niamue mwenyewe. Je, niache? Au nirudi? Tena nakuuliza na hili: viatu vyangu ni vya mitumba, nilivinunua soko la Kongowea. Huenda ndivyo vilivyoniponza?

Ni mimi,
Mwalimu wa Gredi ya Tano

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na huyo mwenzako wa stafurumu, maana amesema kweli kuliko alivyokusudia. Nimekulia Mji wa Kale, nyumba ya mawe, na sakafu yetu ya juu ilikuwa tambarare ya chokaa. Tulikuwa tukifukuzana pale juu watoto sita, saba, na bibi yetu akikaa chini akisikia vishindo alikuwa akipaza sauti hiyo hiyo: mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hakuwa akitutukana kwamba hatujui kukimbia. Tulijua sana. Alikuwa akitukumbusha kwamba pale tulipokimbilia ni padogo, na mwisho wake ni ukuta mfupi na uchochoro chini.

Sasa jitazame. Kwa miezi mingi kitu kirefu zaidi ulichokipanda ni daraja la Nyali. Kimbio chako, maji yako, miguu yako, vyote vimefundwa kwenye sakafu. Ukavibeba hivyo hivyo ukaenda navyo Taita, kwenye nchi ambayo kilele cha Vuria kimepita mita 2,200 juu ya bahari hii tunayoogea. Ukafika ukingoni. Huyo bwana akikurudia na methali yake, mwambie ahsante, umeshapajua ukingo ulipo.

Kosa lako kubwa naliona kwenye barua zaidi ya kule mlimani. Umeyafunga mambo matatu yasiyojuana ndani ya kanga moja, ukaupa mzigo wote jina la mkosi, kisha unaniuliza uutupe au uubebe. Hebu tuifungue kanga.

Ramadhani naiondoa mara moja. Mtu aliyekimbia miaka minne hapotezi miguu kwa mwezi mmoja wa kukimbia kidogo, na huo mwezi ulikuwa na kazi yake.

Goti sasa. Ulipoandika kwamba unakimbia kutoka Nyali hadi Bamburi kisha unarudi kwa matatu, niliiweka barua chini nikacheka peke yangu. Mpwa wangu, ukielekea Bamburi bahari iko mkono wako wa kulia. Siku zote. Ufuo nao umeinama kuelekea majini. Kwa wiki saba mguu wako wa kulia umekuwa ukikimbia bondeni na wa kushoto ukikimbia mlimani, na hukuwahi hata siku moja kuugeuza mwili ukarudi nao kwa njia ile ile ili miguu igawane dhuluma. Kisha unashangaa kwamba ni goti la kulia.

Na umeongeza jambo la pili bila kujua. Wewe unakwenda kwa saa ya ukutani, bahari haina saa hiyo. Maji hujaa na kupwa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa 11 na nusu ya Jumanne hii na ya Jumanne ijayo si ufuo mmoja. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, alfajiri hiyo mara nyingi maji yamejaa hadi karibu na kuta za hoteli, na unaachiwa ukanda mwembamba wa mchanga mlaini uliolala upande kama paa. Mchanga huo ndio ulioambiwa hauumizi! Maji yakipwa vizuri, chini hutokea uwanja mpana, mgumu, karibu tambarare, na hapo ndipo pa kukimbilia. Muulize mvuvi yeyote, au itazame kalenda ya maji kabla ya kulala. Siku maji yakiwa yamejaa, kimbia barabarani, hakuna aliyeapa kwamba lazima iwe ufuoni.

Maumivu uliyoyaeleza, ya nje ya goti na yanayochoma wakati wa kushuka, hufanana na ya ule ukano mrefu unaotoka nyongani ukapita ubavuni mwa paja hadi chini kidogo ya goti. Wakimbiaji wanaujua vizuri, umewalaza wengi. Sikupimi kwa barua, na kama bado linauma unapotembea tu, mwone mtaalamu wa viungo kabla ya kufanya lolote. Lakini nakueleza kwa nini kupumzika wiki mbili hakukutosha. Mapumziko yalituliza maumivu, hayakubadilisha nyonga wala njia. Ulirudi kwenye ufuo ule ule, upande ule ule, na nyonga ile ile dhaifu. Kila jioni lala ubavu, inua mguu wa juu polepole ukiwa umenyooka, mara 15, halafu geuka. Fanya mizunguko mitatu huku unasahihisha madaftari kama unaweza. Na unapokimbia fupisha hatua, ziwe nyingi na ndogo. Hatua ndefu huonekana maridadi kwenye picha, goti ndilo linalolipa.

Nije kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 24 Machi 2007 nilikuwa kwenye uwanja wa gofu, kule kando ya barabara ya Mama Ngina, siku dunia nzima ilipokuja kwetu kwa mashindano ya mbio za nyika. Ilikuwa Jumamosi, kaskazi inaishilizia, joto la kukaanga samaki, na hewa nzito kama blanketi lililoloweshwa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka 5 mfululizo, na hakuna niliyemsikia akisema atashindwa. Mzunguko wa mwisho alisimama. Akatoka njiani kwa miguu yake, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda. Mwaka uliofuata mashindano yakaenda Edinburgh, Scotland, na Bekele akalichukua tena taji lake. Miguu ilikuwa ile ile, hewa ndiyo iliyokuwa nyingine.

Hewa yetu imeshiba maji. Jasho halikauki, linatiririka tu, na kule kukauka ndiko kunakopoza mwili. Ndiyo maana hapa unalowa mpaka soksi na bado unaungua, na ndiyo maana mpango wako wa nusu lita kila nusu saa haukuwa wazimu ulipouanzia. Ulikuwa mpango wa Mombasa. Bekele alileta mwili wake kwenye hewa ya Mombasa ikamwangusha. Wewe ulifanya kinyume: ulibeba Mombasa kwenye chupa ukaipeleka Wundanyi, kwenye baridi na manyunyu, milima unapanda kwa kutembea, jasho lenyewe kidogo. Ulichokuwa ukikimwaga ndani hakikuwa na pa kutokea.

Mtu akinywa kupita anavyotoa, chumvi iliyomo damuni huzimuliwa, kama chai ya mkahawa inayoongezwa maji kila mteja akiingia. Vidole huvimba, kichwa hugonga, kichefuchefu huja, na mambo yakizidi mtu huchanganyikiwa, huanguka, na wapo waliowahi kufa. Balaa lenyewe ni kwamba dalili za mwanzo hushabihiana na za kiu na uchovu, kwa hiyo wasiojua humhimiza mgonjwa anywe zaidi. Muuguzi wako hakukuhimiza. Alitazama mikono kabla ya kutazama uso, akauliza ulichokunywa badala ya kukupa chupa nyingine. Kama jina lake unalo, mtumie salamu. Wewe umeandika kana kwamba alikupokonya kitu. Mimi nasoma kwamba siku ile ulikuwa na bahati.

Kwa hiyo "sikumaliza" yako ina sababu, na sababu hiyo haina uhusiano na ukakamavu wala na goti. Goti lenyewe hukulitaja hata mara moja katika habari za siku ile, umeona?

Dawa yake ni mizani, si lazima ya bei. Jipime uzito kabla na baada ya kukimbia kwa muda wa saa moja, ukiwa umejipangusa jasho, na uandike ulichokunywa. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja uliyotoa na hukurudisha. Ukiona umeongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi, hakuna tafsiri nyingine. Fanya hivyo siku ya jua kali na siku ya kusi yenye upepo, utaona tofauti kwa macho yako mwenyewe. Kule mlimani acha saa, kunywa kwa kiu. Kiu si mwalimu mbaya kama tulivyoambiwa zamani.

Hapa jirani zako watakuletea habari za dafu. Mimi dafu silitukani, nakunywa kila Ijumaa nikitoka msikitini. Ila dafu lina potasiamu tele na chumvi haba, kwa hiyo halirudishi kile ambacho jasho limekitoa kwa wingi. Beba viazi vya kuchemsha vilivyopakwa chumvi, tende, mahamri mawili matatu. Na usijidanganye kwamba chumvi itakukinga huku unaendelea kujijaza maji, haikukingi.

Mapaja yaliyotetemeka ni habari nyingine kabisa, na hii ndiyo ya kimlima hasa. Watu wa pwani tunaogopa kupanda. Kupanda kunachosha tu, mtu anatembea, anahema, anafika. Hata mabingwa wa mbio hizi ndefu hutembea kwenye miinuko mikali, usione haya. Kinachovunja ni kushuka. Unaposhuka misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inajikaza huku inavutwa, na kwa asiyezoea huchanika nyuzi ndogo ndogo. Maumivu yenyewe hukolea siku ya pili au ya tatu, ila nguvu huanza kukutoka papo hapo. Wale kumi na kitu uliowapita kwenye mteremko wa kwanza, nikisema walikupita baadaye nitakuwa nakosea?

Nilidhani hivyo.

Zuri lake ni kwamba mapaja hujifunza upesi. Ukiyapa mteremko kidogo leo, mteremko wa wiki mbili baadaye hauyaumizi kama ule, na kinga hiyo hukaa kwa wiki kadhaa. Mombasa hatuna mteremko, lakini Kwale wanao. Vuka feri ya Likoni mapema, panda matatu ya Kwale, na mkishaipita Kombani utahisi gari linaanza kuinua pua. Mji wa Kwale uko juu, kwenye mgongo wa vilima vya Shimba. Teremka huko, kisha kimbia taratibu kushuka upande wa Golini, kilomita 3 tu mara ya kwanza, halafu panda tena kwa kutembea. Kaa barabarani na kwenye vijia vya vijiji. Ndani ya hifadhi ya Shimba usiingie peke yako kwa miguu, mle mna ndovu, na ndovu hajali unajiandaa kwa mbio gani. Ukibahatika kwenda na askari wa wanyamapori, mwambie akuonyeshe palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu. Hapa Kenya, Shimba ndiko kwao.

Lakini fuata mpangilio, na hapa nakusihi. Mteremko ndio unaochokoza goti la aina yako. Ukikimbilia Kwale Jumamosi hii kwa sababu barua yangu imekutia hamasa, utarudi unachechemea na utaniandikia tena. Kwanza ufuo ulio sawa na nyonga. Goti likinyamaza, ndipo Kwale.

Umeniuliza uache au urudi. Sikujibu leo, na wewe usijijibu leo. Una wiki tatu. Zitumie kwa jambo moja: kushuka zile ngazi za shule. Zikipita siku saba mfululizo umeshuka bila goti kulalamika, lipa ada. Zisipopita, lipa za 21 kama zipo, na kama hazipo kaa nje mwaka huu, milima ya Taita haihami. Moyoni mwangu ningependa uchukue za 21 hata goti likiwa zima, upate mwaka mmoja wa kuujua mlima, lakini nimekusoma na najua hutanisikia. Basi angalau, miezi miwili kabla ya mbio, chukua treni ya Miritini hadi Voi, upande matatu ya Wundanyi, ulale huko siku mbili na ukimbie sehemu ya vijia vile bila namba kifuani. Ulikwenda kwenye mtihani hujawahi kuliona darasa. Wanafunzi wako ungewafanyia hivyo?

Nunua na daftari, lile la kurasa 48 linatosha. Siku ya mazoezi andika ulikimbia wapi, maji ya bahari yalikuwa vipi, upepo gani, ulikunywa nini, paliuma wapi na kuanzia kilomita ya ngapi. Usiandike "leo nilikuwa ovyo". Ovyo haimfundishi mtu kitu. Ungekuwa na daftari hilo mwaka jana, "bahari kulia" ingejirudia kurasa kumi na nne, na hata mwanao angeona pana jambo.

Sasa medali.

Sitakukemea sana, maana nami nilipokuwa kijana niliwahi kumwambia baba nimemaliza mbio ambazo nusu yake niliimalizia chini ya mwembe. Ila Mji wa Kale una masikio, ukweli ulifika nyumbani kabla yangu, na nikaukuta umekaa kwenye baraza ukinisubiri pamoja na mzee. Wako bado haujafika. Ufikishe wewe.

Medali ya dukani usinunue. Utaionyesha mara moja, halafu itabidi uishi nayo ukutani, na siku ukimaliza kweli utakuwa na mbili na usijue uifurahie ipi. Ingia darasani, chora mstari ubaoni, andika 0 mwanzo na 42 mwisho. Waambie, "Niliwaambia medali iko nyumbani. Sikusema kweli. Niliishia hapa," kisha weka alama kwenye 29. Waache watoe wenyewe, 42 kutoa 29. Watakuuliza maswali mengi, na mengine yatauma: ulilia? uliogopa? kwa nini ulidanganya? Hilo la mwisho lijibu kwa ufupi na kwa ukweli, usilipambe. Kisha wafundishe habari za chumvi na maji, ni somo la sayansi halali kabisa. Nakuahidi wiki hiyo watakupima vidole kila ukiingia.

Mwenzako wa stafurumu atazipata habari kutoka kwao kabla ya chai ya saa 4. Mwache azipate.

Nilitaka kusahau viatu. Havikukuponza, lawama yake nimeshaigawa kwa bahari, chupa na mteremko. Kongowea mtu hupata viatu vizuri kuliko vya dukani akijua kuchagua. Ila kwa Taita tafuta vyenye meno ya kina chini, udongo wa kule ukilowa huteleza kama sabuni. Vikunje katikati: kikijikunja kama chapati kimekwisha, kiache. Tazama kama kisigino kimelika upande mmoja, maana mtu wa kwanza amekwisha kukifundisha mwendo wake. Chukua kilichozidi kidogo, upana wa kidole gumba mbele, kwa sababu kwenye mteremko vidole husukumwa mbele na kucha hung'oka. Na kabla hujatoa pesa mwambie muuzaji akuvalishe vyote viwili, usimame navyo. Mimi niliwahi kuvuka daraja lote la Nyali na furushi langu, nimefurahi na bei, kufika nyumbani nikakuta ni vya mguu wa kulia, vyote viwili.